Barua ya wazi kwa wakuu wa ofisi za umma Zanzibar: zikagueni kompyuta zenu kabla hazijakaguliwa na wengine

Kwa Makatibu Wakuu wa Wizara za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Maafisa Wadhamini wa Pemba, wakurugenzi wa mabaraza ya miji na manispaa, na wenzetu wa Serikali Mtandao.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Chake Chake. Kazi yangu ni kufungua mashine zilizokwama, kubadilisha diski, kuondoa virusi na kuweka Windows upya. Nyingi ya mashine hizo ni za ofisi: kituo cha afya, skuli, baraza la mji, sheha aliyepewa laptopu na mradi. Ombi langu nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maneno. Toeni agizo kwamba kila kompyuta ya ofisi ya umma, Unguja na Pemba, ikaguliwe kujua ndani yake mna faili gani zenye taarifa nyeti za watu, na kila faili itakayoonekana iamuliwe: ibaki na ilindwe, ihamishiwe panapostahiki, au ifutwe isibaki alama. Kazi hii haihitaji mfadhili wala mfumo mpya. Inahitaji agizo, mtu wa kuisimamia na muda.

Nieleze ninachokiona. Ililetwa mashine na ofisi moja ambayo sitaitaja, wakilalamika kuwa inakwenda aste aste mno. Diski ilikuwa imejaa. Ukitaka kujua kilichoijaza diski huanzia folda ya Downloads, maana huko ndiko vitu vinakojirundika bila mwenyewe kuwa na habari. Nikakuta jedwali la Excel: jina kamili, umri, shehia, namba ya simu, jina la mume, na safu ya mwisho majibu ya kipimo. Ni kina mama wa vijiji ninavyopita kila siku. Niliifunga papo hapo, lakini haikuwa peke yake. Chini yake kulikuwa na "Orodha mpya", "Orodha mpya (1)", "Orodha mpya (2)", "Orodha ya mwisho" na "Orodha ya mwisho kabisa", kwa sababu kila ilipotumwa kwa barua pepe au WhatsApp na kufunguliwa tena, mashine iliweka nakala nyingine. Mwenye kazi yake akiamini ana orodha moja tu, iko kwenye folda ya kazi, basi. Mashine yenyewe haina neno la siri. Inatumiwa na kila anayeingia zamu, na vijana wa mafunzo kwa vitendo huchomeka flashi zao humo kuchapisha ripoti za chuo.

Aliyefanya hivyo si mtu mbaya. Aliombwa orodha kwa haraka, mtandao ulikuwa unasumbua, akatumia njia aliyoiona mbele yake. Kumkemea yeye hakuondoi hata nakala moja. Ndiyo maana barua hii nawaandikia nyinyi.

Na hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko katika miji mikubwa. Pemba watu tunajuana. Huhitaji namba ya kitambulisho kumtambua mtu. Jina la baba na shehia vinatosha, na ukiongeza jina la mume umeshafika mlangoni kwake. Mimba ya msichana wa skuli, talaka, kipimo cha VVU, deni la kikundi cha kukopeshana, jina la mzee anayesubiri Pensheni Jamii na hali yake ya afya: haya yakitoka hayarudi. Linaloniumiza zaidi ni faili za watoto waliodhalilishwa. Tumeanzisha vituo vya mkono kwa mkono ili mtoto asihojiwe mara kumi na watu kumi, na ni jambo jema kabisa. Lakini maelezo yake yakishachapwa, mtoto yule anabaki kwenye diski. Atakua, ataolewa, ataomba kazi, na maneno yale yatakuwa bado yamo kwenye mashine ambayo hakuna anayekumbuka ilikwenda wapi.

Zinakwenda wapi? Swali hili lina haraka yake sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za ofisini ni kongwe na hazikubali Windows 11, kwa hiyo zinaanza kutolewa. Nyengine hupigwa mnada, nyengine hupelekwa skuli kama msaada, nyengine hufunguliwa na diski ikauzwa peke yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta baada ya kununua diski ngumu 158 zilizokwishatumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, pamoja na kumbukumbu za matibabu na barua za watu. Baadhi ya wenye diski hizo huenda walidhani wameshafuta.

Mashine za fotokopi nazo zisisahauliwe. Zile kubwa za kisasa zina diski ndani, na huweza kutunza sura ya karatasi iliyopita juu ya kioo. Mwaka 2013 shirika la bima ya afya la Marekani, Affinity Health Plan, lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu lilirudisha fotokopi za kukodi bila kufuta diski zake, na taarifa za wagonjwa zikawa zimo.

Sasa nije kwenye ukaguzi wenyewe, kwa sababu nimesikia wakubwa wakisema ni kazi ya wataalamu wa nje. Programu ya kukagua haifanyi muujiza. Inafungua faili moja baada ya moja na kutafuta vitu vya aina mbili: mpangilio wa tarakimu unaofahamika, na maneno. Ugumu ni kuifundisha mpangilio wetu na maneno yetu. Programu nyingi zilizo tayari zimetengenezewa Marekani, zinatafuta namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya Wamarekani, ambayo ina tarakimu tisa. Iweke kwenye kompyuta ya kituo cha afya cha Pemba uone. Excel ina tabia ya kula sifuri ya mwanzo, hivyo namba ya simu inayoanza na 077 inabaki tarakimu tisa. Programu itapiga kelele kwa simu za wazee wetu ikidhani ni Wamarekani, kisha itapita juu ya orodha ya majina na majibu ya vipimo bila kusema neno.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiiambia programu itafute tarakimu 20 zilizofuatana, itakuletea pia kila namba ya kuingiza umeme ambayo mtu ameihifadhi, kwa kuwa nazo zina tarakimu 20. Dawa yake ni nyepesi: tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba isiyoanza na tarehe inayowezekana iachwe. Halafu kuna shida nyengine ya Excel: haiwezi kutunza zaidi ya tarakimu 15 za namba moja. Mtu akichapa NIDA kwenye kisanduku cha kawaida inageuka kuwa kitu mfano wa 1.98503E+19, na tarakimu za mwisho zinapotea moja kwa moja. Kwa hiyo mkaguzi atafute pia umbo hilo, na atakapoliona awaambie wenye orodha kwamba namba walizonazo ni mbovu. Kadi za benki zina urahisi wake, kwa sababu tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia, na programu inaweza kupiga hesabu hiyo ikatupa zisizolingana.

Majina ndiyo magumu. Huwezi kuiambia mashine itafute kila Khamis, kila Fatma na kila Juma. Itakuletea hadi barua za mwaliko wa Maulidi. Mimi naona njia bora ni kutafuta vichwa vya safu. Faili yenye "jina kamili", "shehia" na "simu" pamoja kwenye mstari mmoja ni orodha ya watu, hakuna jengine. Ukikuta na "majibu", "hali", "mimba", "talaka", "ulemavu", "udhalilishaji" au "mshahara", umefika. Kwa njia hii Kiswahili chetu ndicho kinachofanya kazi. Anayejua ni maneno gani ya kutafuta ni muuguzi, mwalimu na sheha, na mtaalamu wa kutoka mbali atabidi aje kuwauliza hao hao.

Kuna mitego mitatu ambayo anayekagua kwa mara ya kwanza huanguka nayo. Wa kwanza: faili za Word na Excel za siku hizi zimebanwa ndani kama faili ya zip. Mtu akitumia amri ya kawaida ya kutafuta maandishi ndani ya faili atapata sifuri, atadhani mashine ni safi na ataandika hivyo kwenye ripoti. Wa pili: picha. Sehemu kubwa ya nyaraka zetu ni karatasi zilizopigwa picha kwa simu au kupitishwa kwenye skana: kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa. Kwa mashine, picha hizo ni rangi tu, hazina herufi, mpaka itumike programu ya kusoma maandishi ndani ya picha. Kama programu hiyo haipo, basi angalau folda zenye picha nyingi za karatasi zifunguliwe na mtu aangalie kwa macho. Wa tatu ni faili zilizofutwa. Kufuta kwa kawaida kunaipeleka faili kwenye pipa la taka la Windows, na hata ukilimwaga pipa, kinachoondoka ni anwani ya faili. Maandishi yenyewe yanaweza kubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski za SSD, zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, hata huko kuandika juu hakuaminiki, na ndiyo maana ni bora diski nzima ifungwe kwa usimbaji (kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo) tangu siku ya kwanza kuanza kazi, ili atakayeiokota bila ufunguo asipate kitu.

Programu za kazi hii zipo na si lazima zinunuliwe. Garfinkel niliyemtaja alikuja kuandika moja inayoitwa bulk_extractor, ya bure, inayosoma diski yote pamoja na sehemu zilizofutwa na kufungua vilivyobanwa. Unaweza kuipa maneno na mpangilio wako mwenyewe. Inataka mtu mwenye subira, na wapo vijana wetu waliosomea fani hii ambao hawana kazi.

Waheshimiwa, naomba mniwie radhi hapa nikiwa mkali kidogo. Ukaguzi huu ukifanywa ovyo utaleta hatari kubwa kuliko ile uliyokuja kuiondoa. Ripoti inayosema "mashine fulani, folda fulani, ina orodha ya wenye VVU" ni ramani ya mwizi. Ripoti itaje mahali na idadi, isinakili jina hata moja wala namba nzima. Isitumwe kwa WhatsApp. Mkaguzi asifanye kazi peke yake, asitoke na flashi, na programu ifanyie kazi ndani ya mashine ile ile badala ya kupakia faili kwenye tovuti ya watu ili "ichambuliwe". Nayasema haya kwa kuwa najua mafundi tunavyofanya kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tumekuwa kata ya ofisi nyingi kwa muda mrefu bila ya mtu kutuuliza tunabeba nini. Fundi yeyote anayepewa mashine ya ofisi atie saini kiapo cha kutunza siri, mimi nikiwemo.

Jengine ni khofu ya wafanyakazi, na khofu hiyo ina haki yake. Wakisikia kompyuta zinakaguliwa watauliza: wanatafuta nini, nani kaandika nini, nani yuko upande gani? Watangazieni mapema. Waambieni kwa maandishi kinachotafutwa na kisichotafutwa, wapeni muda waondoe mambo yao binafsi, na semeni wazi kwamba atakayekutwa na orodha iliyosahauliwa hataadhibiwa. Ukaguzi ukigeuzwa kuwa wa kuwapeleleza watu, kila mtu atahamishia faili kwenye flashi yake na kwenda nazo nyumbani, na hapo hatutazipata tena. Faragha inayolindwa na Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ni ya mgonjwa na ni ya mfanyakazi pia.

Kuna watakaosema tusubiri, sheria ipo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imezitaja taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha kuwa ni nyeti. Lakini kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyokuwa ya Muungano. Afya si jambo la Muungano. Skuli zetu za maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Sheha hayumo. Zile ofisi zenye faili nzito kabisa ndizo ambazo jukumu lake liko mikononi mwenu nyinyi. Waraka mmoja wa Katibu Mkuu Kiongozi unatosha kuanza.

Katika waraka huo naomba msiishie kwenye kufuta. Orodha zinatapakaa kwa sababu mfanyakazi hana mahali pengine pa kuziweka. Mkimfutia leo bila ya kumpa pahala, wiki ijayo zimerudi. Mpeni folda moja kwenye seva ya wizara, yenye neno lake la siri, na panapokosekana mtandao mpeni diski iliyofungwa kwa usimbaji na kabati lenye kufuli. Ofisi zinazowataka wananchi watume picha za vitambulisho kwenye simu ya mkononi ya mtumishi ziache mtindo huo, maana simu hiyo ni mali yake, na akihamishwa anaondoka nayo. Mwananchi asiyekuwa na simu nzuri naye anakwenda steshenari, anaskaniwa cheti cha mwanawe, na nakala inabaki kwenye mashine ya dukani pamoja na za waliomtangulia. Hakuna kompyuta wala fotokopi ya serikali itoke mlangoni, iwe kwa mnada, kwa msaada au kwa matengenezo ya kubadilishwa diski, mpaka diski imesafishwa au imevunjwa, na aliyefanya hivyo ametia saini na tarehe. Utaratibu wa kupiga mnada magari mnao. Huu uwe na karatasi yake pia.

Siombi mkague zote kwa mkupuo. Anzeni na vituo vya mkono kwa mkono na maafisa ustawi wa jamii, kwa ajili ya watoto. Kisha vituo vya afya, kisha skuli, kisha masheha. Kama mtataka kujaribu kwanza mahali padogo, chukueni wilaya moja ya Pemba, Micheweni au Mkoani, mkague kila mashine ya umma iliyomo, mpime inachukua siku ngapi na inaonesha nini, ndipo mwende Unguja mkiwa na uzoefu mkononi.

Vigezo vya kutafutia nimeshaviandika: mipangilio ya namba nilizozieleza hapo juu, pamoja na vichwa vya safu vinavyotumika katika majedwali ya Kiswahili. Ofisi yoyote ya serikali itakayovitaka nitaipa bila malipo. Vinahitaji kupitiwa na muuguzi, mwalimu na sheha kabla ya kutumika, kwa sababu wao ndio wanaojua kila kituo kinavyofupisha maneno yake. Naomba Maafisa Wadhamini wa Pemba wawe wa kwanza kujibu.

Wenu katika utumishi,
Fundi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba